Jinsi ya kukusanya rekodi za laivu za Queen ya mwanzo mwanzo (1970 hadi 1976)

Wadau, Queen, bendi ya rock ya Uingereza, ile ya tamasha la Live Aid 1985 kila mtu anaijua, uwanja umejaa, mwimbaji Freddie Mercury na masharubu yake, watu maelfu wanapiga makofi kwa pamoja. Mi nataka kuongelea Queen nyingine, ile ya kumbi za vyuo na majumba ya sinema ya Uingereza, nywele ndefu, kucha nyeusi, nguo za Zandra Rhodes, nyimbo za mazimwi na malkia weusi, na mpiga gitaa Brian May anapiga solo ndefu katikati ya wimbo wa Son and Daughter mpaka unasahau wimbo wenyewe ulianzaje. Queen hiyo kwenye albamu za studio unaipata nusu tu, maana studio walikuwa wanapanga sauti tabaka juu ya tabaka, lakini jukwaani walikuwa watu wanne na walikuwa wazito kweli kweli. Ukitaka kuwasikia hivyo inabidi uingie kwenye rekodi za laivu, na nyingi ya hizo ni butlegi, yani rekodi ambazo bendi wala kampuni haikuzitoa, mtu kaingia ukumbini na kinasa sauti kwenye koti au kanasa matangazo ya redio nyumbani kwake.

Watu wengi wa huku wanaanza kumfuatilia Freddie kwa sababu kazaliwa Mji Mkongwe, Unguja, tarehe 5 Septemba 1946, na ni sababu nzuri tu. Lakini ukishaanza kukusanya rekodi utakutana na uchafu mwingi, tarehe za uongo, MP3 (faili la sauti lililobanwa mpaka likapoteza ubora) zilizovalishwa nguo za FLAC (faili lisilopoteza kitu), shoo moja imepewa majina kumi. Kwahiyo nimepanga hapa hatua nilizozizoea, ufuate kwa mpangilio huu huu maana kila moja inasaidia inayofuata.

Hatua ya 1: anza na vilivyotolewa rasmi

Najua unataka kukimbilia vya adimu, subiri kwanza. Tafuta Live at the Rainbow '74 iliyotoka 2014, hiyo ina shoo ya tarehe 31 Machi 1974 na za tarehe 19 na 20 Novemba mwaka huo huo, ukumbi mmoja, Rainbow wa London, lakini bendi imebadilika sana ndani ya miezi minane. Alafu A Night at the Odeon, imetoka 2015, shoo ya mkesha wa Krismasi 1975 pale Hammersmith, London. Alafu On Air ya 2016 yenye vipindi walivyorekodi BBC, kuanzia kile cha kwanza cha Februari 1973 kabla hata albamu yao ya kwanza haijatoka. Na boksi (mkusanyiko wa CD kadhaa) la albamu yao ya kwanza, Queen I, lililotoka Oktoba 2024, lile lina CD nzima ya laivu, na humo kuna Hangman, wimbo waliokuwa wanaupiga jukwaani miaka hiyo na haukuwahi kuingia kwenye albamu yao yoyote ya studio. Wakusanyaji wameishi na Hangman kwenye tepu mbovu kwa miaka mingi sana mpaka boksi hilo likatoka.

Kwanini uanze hapa? Kwanza unamlipa msanii, hilo liko wazi. Pili sikio lako linapata kipimo. Ukishausikia wimbo wa Liar wa Rainbow ukiwa safi mara nyingi, siku utakayokutana na Liar ya 1973 iliyorekodiwa nyuma ya ukumbi utajua kilichofunikwa na kelele ni nini, sikio linajazia lenyewe. Tatu, watu wanaobadilishana rekodi kwa heshima hawakubali kabisa kusambaza kitu kilichotolewa rasmi, kwahiyo lazima ujue kipi ni rasmi na kipi sio, usije ukaonekana mwizi siku ya kwanza.

Hatua ya 2: ijue ratiba ya bendi kabla ya kushusha chochote

Chukua daftari au fungua faili, andika. Juni 27, 1970 shoo ya Truro kule Cornwall, Freddie, Brian na mpiga ngoma Roger Taylor, bado wanatangazwa kwa jina la Smile, bendi ya zamani ya Brian na Roger. Wamebadilisha wapiga besi kadhaa mpaka John Deacon akaingia, shoo yake ya kwanza ilikuwa Julai 1971. Albamu ya kwanza Julai 1973. Mwishoni mwa 1973 wanazunguka Uingereza wakiwafungulia shoo bendi ya Mott the Hoople, Aprili 1974 wanaenda nao Marekani na safari inakatika Mei baada ya Brian kuugua homa ya ini. Mwisho wa Oktoba 1974 inaanza ziara ya Sheer Heart Attack. Aprili 1975 wanatua Japani, shoo ya kwanza ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 19 na ya mwisho hapo hapo Mei mosi. Novemba 1975 ziara ya A Night at the Opera inaanzia Liverpool. Septemba 18, 1976 shoo ya bure ya Hyde Park, London. Mi naishia hapo, baada ya hapo wanakuwa bendi ya kumbi kubwa na ni habari nyingine.

Kabla ya yote hayo kuna tepu moja ya kuijua, Freddie akiwa na bendi ya Ibex, klabu ya Sink, Liverpool, Septemba 1969. Ni moja ya rekodi za zamani kabisa za yeye akiimba laivu, na wimbo mmoja kutoka humo, Rain, ulitolewa rasmi kwenye boksi lake la mwaka 2000. Sauti ni mbovu, lakini unamsikia kijana wa miaka 23 ambaye bado anaitafuta sauti yake, na ukiisikiliza siku moja na Rainbow ya 1974 unabaki unatikisa kichwa.

Ratiba inakulinda vipi? Kuna pengo kubwa 1970 mpaka 1972, tepu za miaka hiyo ni chache mno na nyingi ni vipande. Kwenye lile boksi la 2024 wametia vipande vya Agosti 1970 vya Imperial College, chuo alichosoma Brian, na watu walifurahi kama wamepata dhahabu. Kwahiyo mtu akikuletea shoo nzima ya 1971, saundibodi (yani imechukuliwa kwenye mitambo ya shoo, nitaieleza hatua ya 3), sauti inang'aa, na hana maelezo yoyote ya ilikotoka, we shuku kwanza.

Hatua ya 3: jifunze kutofautisha aina za rekodi kwa sikio

Kuna tatu, na ukizijua hizi utakuwa umevuka nusu ya safari.

Ya kwanza ni rekodi ya ukumbini. Mtu kakaa kwenye kiti na kinasa kaseti, mara nyingi cha mono, maiki ameificha. Utasikia watu wa karibu wakiongea, makofi yako juu kuliko ngoma, besi inavuma kwa sababu ya kuta. Vinasa vingi vya zamani vilikuwa na kirekebisha sauti cha ndani kinachojishusha chenyewe kelele zikizidi, kwahiyo Roger akipiga matoazi kwa nguvu utasikia gitaa na sauti vinazama kidogo alafu vinapanda tena. Usidharau aina hii. Rekodi nzuri ya ukumbini inakupa chumba chenyewe na watu waliokuwemo. Sikiliza za Japani 1975, mayowe ya wasichana yanapanda Freddie akigeuka tu, hakuna saundibodi itakayokupa hicho.

Ya pili ni saundibodi, imechukuliwa moja kwa moja kwenye mikisa ya shoo, yani mtambo wa kuchanganya sauti. Sauti ya mwimbaji iko mbele kabisa, kavu, makofi yanasikika mbali mbali. Lakini kuna jambo linawachanganya wageni, gitaa linaweza kuwa dogo mno. Sababu ni kwamba kwenye ukumbi mdogo amplifaya za Brian, zile Vox AC30 alizozipanga nyuma yake, zilikuwa zinasikika zenyewe ukumbini, fundi mitambo hakuwa na haja ya kulipitisha gitaa kwa wingi kwenye spika kubwa, na saundibodi inanasa kile tu kinachopita kwenye mikisa. Kwahiyo gitaa dogo na sauti kubwa ya mwimbaji ni dalili nzuri kwamba kweli ni saundibodi ya ukumbi mdogo.

Ya tatu ni ya matangazo, redio au TV. Hammersmith 1975 ndo mfano mkubwa, BBC waliirusha moja kwa moja kwenye TV na redioni kwa wakati mmoja, mashabiki Uingereza nzima wakawasha vinasa vyao nyumbani, matokeo yake hiyo ni moja ya shoo za Queen zilizosambazwa kuliko zote, imetoka kwenye santuri na CD za butlegi kwa majina chungu nzima na baadhi yameandikwa tarehe zisizo zake. Ukikuta butlegi ya mwisho wa 1975 yenye sauti nzuri ya stereo na mtangazaji anaongea mwanzoni, uwezekano mkubwa ni Hammersmith ile ile unayo tayari.

Hatua ya 4: dai nasaba ya rekodi

Hii ndo hatua ninayoisisitiza kuliko zote. Kila rekodi ina nasaba, yani imetoka kwenye mashine gani, ikapita wapi, mpaka ikafika kwako. Kaseti ya kwanza kabisa iliyokuwa ndani ya kinasa usiku ule ndo masta. Ukiinakili kwenye kaseti nyingine hiyo ni kizazi cha kwanza, ukinakili hiyo ni cha pili, na kila kizazi kinaongeza mvumo wa tepu, kinakula sauti za juu, na spidi inayumba zaidi kwa sababu kila deki ina spidi yake. Kizazi cha kwanza na cha tano cha usiku ule ule ni vitu viwili tofauti kabisa kusikiliza, mtu anaweza kuichukia shoo nzuri kwa sababu tu amepewa kizazi cha sita.

Nasaba iliyoandikwa vizuri inasomeka hivi: kaseti ya masta ya ukumbini, deki ya aina fulani, kompyuta, WAV (faili la sauti lisilobanwa), FLAC. Au: matangazo ya redio, tepu ya reli (ya magurudumu makubwa), kaseti kizazi cha kwanza, CD-R, FLAC. Ukiona CD-R katikati jua kuna mtu aliwahi kuichoma na kuinyonya tena, si mbaya kama alifanya kwa uangalifu. Ukiona MP3 popote katikati ya mnyororo, iache, hata kama mwisho wake imeandikwa FLAC, kilichokatwa na MP3 hakirudi.

Kama hakuna nasaba, uliza. Kama aliyekupa hajui, andika kwamba haijulikani. Usijaze kwa kukisia, maana ukikisia leo, baada ya miaka mitano kisio lako litakuwa linanukuliwa na watu wengine kama ukweli, na hivyo ndivyo tarehe nyingi za uongo zilivyozaliwa.

Hatua ya 5: kuzipata, na adabu zake

Tuseme wazi suala la sheria. Sheria za hakimiliki, za Kenya na Tanzania zikiwemo, zinamlinda msanii dhidi ya kurekodiwa onyesho lake bila idhini. Bendi nyingine kama Grateful Dead waliruhusu mashabiki warekodi, Queen hawakuwa hivyo, ingawa tovuti yao rasmi iliwahi kuuza rekodi za mashabiki walizozichagua. Kwahiyo ujue unaposimama, na kuna mstari mmoja ambao wakusanyaji waungwana hawauvuki, hakuna kuuza. Anayekuuzia butlegi anauza kazi ya Freddie na ya yule aliyejificha na maiki, wote wawili bila kuwapa kitu. Zamani walikuwa wanabadilishana kaseti kwa posta, unatuma kaseti tupu na hela ya stempu unarudishiwa iliyojaa, bila faida. Leo ni torenti, yani watu wanapeana faili wenyewe kwa wenyewe kwenye mtandao, tovuti kama DIME zinakubali faili zisizopunguzwa ubora tu na zinakataa chochote kilichotolewa rasmi, na kuna tovuti za mashabiki kama queenlive na queenconcerts zenye orodha za shoo, nyimbo zilizopigwa na rekodi zinazojulikana. Hizo orodha zisome hata kama hushushi kitu, ni shule.

Kuhusu bando, piga hesabu kabla. Sauti ya kiwango cha CD ni kama MB 10 kwa dakika, shoo ya dakika 90 ikiwa FLAC inakuja MB 500 au 600 hivi, ya mono inaweza kupungua. Wa simu nunua bando la usiku, uiache ishuke umelala. Na ukishamaliza kushusha usiifunge torenti haraka, acha wengine wachukue kwako, kwenye jamii hizi mtu anayechukua tu anajulikana mapema.

Ukimwomba mtu rekodi, omba moja, taja shoo na tarehe, sema una nini cha kumpa. Ujumbe wa "naomba kila ulichonacho cha Queen" haujibiwi na mtu.

Hatua ya 6: kagua faili kabla hujaliingiza kwenye mkusanyiko

Folda nzuri inakuja na faili la maandishi lenye maelezo na faili la chekisamu, yani namba ya kuhakiki kwamba faili halijabadilika, ya aina ya MD5 au ile ya FLAC yenyewe. Endesha programu ilinganishe, ikikubali maana yake faili ni lile lile lililotoka kwa mwenye nalo, hakuna kilichoharibika njiani. Ikikataa, shusha upya.

Alafu fungua wimbo mmoja kwenye Spek, ni programu ndogo ya bure inayokuchorea sauti kwa rangi, chini sauti nzito juu sauti nyembamba. MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida inakatwa kama kilohezi 16, na mkato wake umenyooka kama umepigwa rula, juu yake giza tupu. Kaseti halisi haikatwi hivyo, nguvu inapungua taratibu na mvumo wa tepu unaendelea kupanda mpaka juu. Ndo maana ule mvumo unaokukera masikioni ni rafiki yako wakati wa ukaguzi, ukiukosa kabisa kwenye rekodi ya ukumbini ya 1974 basi kuna mtu ameupangusa kwa programu, na alipoupangusa ameondoka na matoazi pia.

Rekodi ya redio ya FM nayo ina alama yake. Matangazo ya FM yanaishia kilohezi 15, na stereo inabebwa na mlio wa kilohezi 19, kwahiyo ukiona sauti inaishia 15 alafu juu kuna mstari mwembamba umelala kwenye 19, hiyo ilinaswa redioni hata kama mtu ameandika saundibodi.

Hatua ya 7: hakiki tarehe kwa nyimbo

Hapa ile ratiba ya hatua ya 2 inalipa. Orodha ya nyimbo ni ngumu kuidanganya. Kama Bohemian Rhapsody imo, shoo hiyo haiwezi kuwa kabla ya Novemba 1975, hata kava liandikwe nini. Na jinsi ilivyopigwa inakuambia zaidi, kwenye shoo ya Hammersmith wanaanza sehemu ya piano, wanaingia Killer Queen, wanaingia kipande cha The March of the Black Queen, alafu ndo wanarudi kumalizia. Now I'm Here, ambao Brian aliutunga mwaka ule aliougua, ukiusikia jua uko kwenye ziara ya mwisho wa 1974 au baada yake. Procession inayofuatiwa na Father to Son ndo mlango wa shoo za mwanzo wa 1974, kufika Novemba Procession bado ipo lakini inafuatiwa na Now I'm Here. Solo ndefu ya gitaa ikiwa ndani ya Son and Daughter uko enzi za mwanzo, ikiwa imehamia Brighton Rock umeshasogea mbele.

Sikiliza pia maneno ya katikati ya nyimbo. Freddie alikuwa anausemesha mji, anautaja, anasema wimbo unaofuata unatoka albamu gani, kama anasema albamu mpya inakuja au imetoka. Wakusanyaji wengi wanakata maneno hayo ili nyimbo ziungane, usifanye hivyo kabisa, humo ndimo ushahidi ulipo.

Angalia pia pale tepu ilipogeuzwa. Kaseti ya C90 inabeba dakika 45 kila upande, kwahiyo karibu na dakika hiyo utakuta wimbo umekatika na kurudi. Rekodi mbili zinazodaiwa kuwa shoo tofauti lakini zinakatika sehemu ile ile, kwenye neno lile lile, ni tepu moja yenye majina mawili.

Hatua ya 8: rekebisha spidi, lakini kwa ushahidi

Tepu nyingi za zamani haziko kwenye spidi sahihi. Betri zikiisha nguvu kinasa kinazunguka taratibu, ukija kuicheza kwenye deki nzima shoo inakimbia na Freddie anasikika mtoto. Wengi wanarekebisha kwa kukadiria, we tumia njia hizi mbili pamoja.

Njia ya kwanza ni mvumo wa umeme. Umeme wa Uingereza ni hezi 50, wa Marekani 60, na amplifaya na mitambo ya jukwaani inauvumisha mvumo huo kimya kimya shoo nzima. Fungua rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, tafuta sehemu iliyotulia kati ya nyimbo, sekunde kumi zinatosha, chagua, alafu nenda kwenye uchambuzi wa spektra (mchoro wa nguvu ya kila sauti, nzito mpaka nyembamba) na uongeze saizi mpaka juu ili uone vizuri. Tafuta kilima kidogo karibu na 50, na kama kimefunikwa na mvumo wa ukumbi angalia 100 na 150, maana mvumo wa umeme unajirudia kwa mafungu. Tuseme shoo ni ya Uingereza na umekuta kilima kimesimama 52 na kingine 104. Tepu inakimbia kwa asilimia 4. Gawa 50 kwa 52 unapata 0.9615, weka namba hiyo kwenye kibadilisha spidi, kile kinachobadilisha spidi na tuni kwa pamoja, sio kile cha tempo peke yake. Japani inataka umakini kidogo kwa sababu ina umeme wa aina mbili, Tokyo na Yokohama ni 50, Nagoya, Kobe na Osaka ni 60, na Queen walipiga pande zote hizo mwaka 1975.

Tatizo la njia hii, deki zilizotumika kunakili nazo zinaacha mvumo wao. Unaweza kukuta vilima viwili, kimoja 50 kamili na kingine 52, hapo cha 50 ni cha deki ya mwisho na cha 52 ndo cha usiku wenyewe. Ndo maana unahitaji njia ya pili, piano. Gitaa linaweza kutuniwa juu au chini, lakini piano ya jukwaani hutuniwa kwenye kiwango cha kawaida, na Bohemian Rhapsody iko kwenye B flati, kwahiyo chukua kinanda au programu ya kinanda kwenye simu, bonyeza B flati, linganisha. Nusu toni nzima ni kama asilimia 6 za spidi, robo ni kama asilimia 3. Njia mbili zikikubaliana rekebisha, zikigombana iache kama ilivyo na uandike ulichokiona.

Na spidi inaweza kubadilika katikati, mwanzo sahihi, mwisho inakimbia, kwa sababu betri ziliisha taratibu. Pima mwanzo, katikati na mwisho kabla hujagusa kitu.

Hatua ya 9: ukipata kaseti yenyewe

Inatokea. Jamaa wa familia alisoma Uingereza miaka ya sabini, akarudi na boksi la kaseti, liko juu ya kabati Tanga au Mombasa. Pwani yetu ina unyevu, kwahiyo kabla ya kuicheza itazame tepu kupitia kidirisha, ukiona ukungu mweupe kwenye kingo usiiweke kwenye deki, utasambaza ukungu na kuharibu kichwa cha deki pia, mpelekee mtu anayejua kuisafisha. Kama ni safi, vunja vile vidude viwili vya plastiki juu ya kaseti ili isiweze kufutwa kwa bahati mbaya. Izungushe yote mbele na irudishe, alafu safisha kichwa cha deki kwa spiriti na pamba.

Kuna skrubu ndogo pembeni ya kichwa inayobadilisha mwelekeo wake. Cheza kaseti, vaa hedifoni, izungushe skrubu kidogo kidogo sana mpaka matoazi yasikike makali kabisa, hapo kichwa kimelala sawa na kile kilichorekodi. Wengi wanairuka hatua hii na tofauti yake ni kubwa kuliko mashine yoyote ya bei mbaya. Dolby, kile kipunguza mvumo cha deki, izime, labda uwe na uhakika tepu ilirekodiwa nayo. Rekodi kwa biti 24 kama kadi yako inaweza, usiruhusu sauti igonge juu, na urekodi pande zote mbili mpaka mwisho, hata ule mwisho unaodhani ni tupu.

Hatua ya 10: kuzitunza

Jina la folda lianze na tarehe kwa mpangilio wa mwaka, mwezi, siku, alafu mji, ukumbi, aina ya rekodi: 1975-05-01 Tokyo Budokan ukumbini. Hivyo zinajipanga zenyewe. Ndani weka faili la maandishi la asili kama lilivyokuja, usilifute hata kama lina makosa, na lako uliongeze pembeni ukieleza ulichokagua na ulichobadilisha. Ukirekebisha spidi, tunza na ile ambayo haijaguswa. Kusafisha kelele, kuongeza besi, kuifanya mono iwe stereo, hayo yafanye kwenye nakala ya kusikiliza kwenye gari, usisambaze kamwe. Ya kwenye simu igeuze MP3 ukitaka, ila iandikwe wazi na isitoke nje ya simu yako.

Nakala mbili kwenye hadidiski tofauti, na ya tatu nyumba nyingine kwa ndugu au rafiki. Flashi sio sehemu ya kutunzia kitu. Mara moja kwa mwaka endesha chekisamu zote upya, faili huharibika kimya kimya na hujui mpaka unapoitafuta.

Kama unaanza leo na hujui ushike ipi, chukua Rainbow ya Machi 1974 iliyotolewa rasmi, isikilize mpaka uizoee, alafu tafuta rekodi yoyote ya ukumbini ya Japani 1975 yenye nasaba iliyoandikwa, uipitishe hatua ya 6 mpaka ya 8 mwanzo mwisho. Ukikwama kwenye kilima cha hezi, uliza ukiwa na picha ya spektra na jina kamili la folda, bila hivyo hakuna atakayeweza kukusaidia.